Kitufe cha Kumi na Moja

"Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe. Kitufe."

Sauti ilikuwa ya kike, kavu, ya haraka kama ya dalali mnadani. Ilipenya kelele za ukumbi wa kungojea, vikohozi, viatu, mtu anayebishana na karani dirishani, ikamfikia kijana mmoja aliyepanda ngazi kutengeneza skrini ya kuitia wagonjwa. Akageuka.

Sauti ilitoka kwenye simu. Mwenye simu alikaa safu ya mbele, gauni la kijani kibichi limekaa mwilini kama limeshonewa papo hapo, fimbo nyeupe imekunjwa mapajani. Macho yake hayakutazama skrini. Kidole chake tu ndicho kilichotembea juu ya kioo, na simu ikamsomea kila alichokigusa.

Kijana akashuka.

"Samahani, dada. Simu yako imegombana na nani?"

"Na aliyetengeneza tovuti ya kampuni hii. Unamjua?"

Kitambulisho kilimning'inia kifuani: Fundi wa Tovuti. Akakigeuza upande wa pili, kisha akajiona mjinga, maana huyo aliyetaka kumficha hakuwa anaona.

"Namjua kidogo."

"Mfikishie salamu. Mwambie mtoto akizaliwa hupewa jina. Yeye amezaa kumi na wanne, na wote kawaita Kitufe."

"Sasa unajuaje kipi ni kipi?"

"Nafundisha hesabu, kaka. Jirani yangu alinisomea mara moja, nikahesabu. Cha nne ni tarehe. Cha tisa ni mashine. Cha kumi na moja ni kuthibitisha kuwa tutakuja."

Kampuni ile ilikuwa na kliniki ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Mashine sita, wagonjwa tele, na nafasi zilitolewa kwenye tovuti peke yake. Mama yake mwalimu, aliyekuwa akisinzia kando yake na shali begani, alisafishwa Jumanne na Ijumaa. Akikosa siku moja, maji yalianza kupanda kifuani.

Kijana akavuta pumzi. "Mwalimu, huyo baba wa vitufe ni mimi."

Alitarajia kutukanwa. Mwalimu akacheka hadi mama akaamka.

"Afadhali umekiri. Mababa wengi huwakana."

Kutoka siku hiyo wakaitana Fundi na Mwalimu, na simu zao hazikupoa. Fundi alikuwa na kiburi cha ujana. Alijifunza kazi yake peke yake, bila chuo, na hakuamini kuna kitu kinachomshinda. Mwalimu alimpiga vijembe akamlainisha.

"Umevaa nini leo, mpenzi?"

"Shati jeupe."

"Muongo. Jeupe ulilivaa jana, na leo ni Jumatano. Utakuwa na lile la mistari lenye mfuko uliochanika."

"Nani kakwambia mfuko umechanika?"

"Vidole vyangu, bwana. Nilipoegemea kifua chako ulidhani napumzika? Nilikuwa nakagua."

Fundi alikwenda kwa meneja kuomba muda wa kurekebisha tovuti. Meneja hakuinua kichwa. "Vipofu wangapi wanaitumia? Na hao wachache wana ndugu wa kuwasomea. Fanya nilichokupa."

Fundi akawaka moto. Akaamua kuifanya kazi peke yake, kimyakimya, na mpenzi wake asijue mpaka imalizike. Alianza na mpangilio, maana kilichoonekana juu kwa macho kilisomwa mwisho na simu. Jumatano hiyohiyo akavihamisha vitufe vyote, kila kimoja mahali pake pa haki. Majina alikuwa ameshayaandika, lakini aliyaweka akiba hadi Jumamosi, ayatoe yote kwa pamoja Mwalimu akiwa ameketi mbele yake. Alitaka kuuona uso ule unavyofurahi.

Alhamisi jioni Mwalimu alifungua tovuti kama kawaida. Kitufe, kitufe, kitufe. Akahesabu hadi cha kumi na moja, akabonyeza. Simu ikalia "ti", kama inavyolia siku zote. Maneno mekundu yakatokea kwenye skrini, na simu haikuyasoma.

Ijumaa asubuhi karani alipekua orodha mara mbili.

"Mama yako hayumo."

"Nimethibitisha jana."

"Umefuta. Mfumo unaonyesha: saa kumi na mbili na dakika nne jioni, kwa simu yako mwenyewe. Nafasi ameshapewa mwingine."

Nyuma yake mama alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima, na alikuwa amekaa.

Mwalimu akapiga simu. "Fundi, wamesema nimefuta nafasi ya Mama. Mimi. Unanisikia?"

"Ulihesabu?"

"Si siku zote nahesabu?"

"Mwalimu… Nilivipanga upya juzi. Cha kumi na moja sasa ndicho cha kufuta. Nilitaka kukushangaza, mpenzi."

"Umenishangaza," akasema, akakata.

Teksi iliwapeleka hospitali kubwa. Wodi ya dharura ilikuwa na muuguzi mmoja kwa wagonjwa thelathini. Mama akavishwa barakoa ya hewa. Miguu yake ilivimba hadi kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Daktari hakuzungusha maneno. "Mashine yetu ya kusafisha damu imekufa. Dawa zitamshikilia mpaka kesho asubuhi. Baada ya hapo sikudanganyi."

Mwalimu alipiga simu kliniki mara kumi na saba ndipo karani akapokea. Kulikuwa na nafasi moja ya kesho, ya mgonjwa aliyehamia kwingine. Ingefunguliwa mtandaoni saa nane kamili. Anayewahi ndiye mwenyewe.

Saa saba na dakika ishirini simu ya Fundi ikaita. Ilikuwa imelala mkononi mwake tangu asubuhi.

"Sikupigii kwa mapenzi," Mwalimu akasema, akamweleza.

"Nitumie namba yako ya siri. Nitaingia mimi, nibonyeze mimi."

"Mkono wako siutaki tena kwenye jambo la mama yangu. Ulishaingia mara moja bila kubisha hodi. Una dakika arobaini. Vipe majina. Nitabonyeza mwenyewe."

"Mwalimu, ikishindikana?"

"Ikishindikana tutajua sote wawili tulipoteza nini. Andika."

Akaandika. Simu aliiweka mezani, sauti juu, na chumba chote cha ofisi kikasikia pumzi za mama, nzito, kila moja kama inaazimwa. Majina aliyoyaandika zamani yalikuwa ya mpangilio uliopita. Ilibidi aanze upya.

"Fungua tena ukurasa. Unasikia nini?"

"Kitufe. Kitufe. Picha."

"Subiri. Fungua tena."

"Kitufe. Chagua tarehe. Kitufe."

Tangu Mwalimu aanze kuitumia tovuti ile, ndiyo mara ya kwanza kitu kimojawapo kumwambia kinaitwa nani.

"Endelea," akasema.

Meneja akatokea mlangoni, tai imelegea. "Nilisema ufanye nilichokupa. Hakuna kugusa tovuti mchana wa kazi."

"Nilikosea tangu juzi, bosi. Nifukuze saa nane na robo. Sasa hivi niache."

Meneja akafungua kinywa. Pumzi ile ikatoka tena mezani, ikakwama, ikaendelea. Akakifunga. Akasogea nyuma ya kiti cha Fundi, akafuata kazi kwa macho. Mwishowe akanyoosha kidole kwenye skrini.

"Kile pale chini bado hakina jina."

Saa nane kamili.

Mwalimu alikaa ukingoni mwa kitanda, goti lake likigusa mguu wa mama uliovimba. "Chagua tarehe," simu ikasema. "Kesho. Mashine ya tatu, iko wazi." Akabonyeza. "Futa." Kidole kikaganda. Akakisogeza polepole kama anayepita kando ya shimo. "Thibitisha." Akakaa hapo. Hakukiamini. Aliyekipa jina ni yuleyule.

"Fundi. Hiki ni kweli?"

"Ni kweli."

"Apia."

"Kwa pumzi ninayoisikia hapa."

Akabonyeza.

"Nafasi imethibitishwa. Kesho, saa moja asubuhi. Mashine ya tatu."

Hakuna aliyeshangilia. Mwalimu aliweka kipaji cha uso kwenye blanketi la mama, akalia. Fundi alimsikia, akangoja hadi simu ikakata yenyewe.

Jioni alifika wodini na shati la mistari lililolowa jasho.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," ikatoka ndani ya barakoa.

"Nani kakuita?" Mwalimu akauliza.

"Hakuna."

"Ungehamisha viti vya nyumbani kwangu nikiwa kazini, usiniambie, ukasimama pembeni kunitazama nikiingia?"

"Kamwe."

"Basi ndivyo ulivyofanya. Tofauti ni kwamba aliyeanguka ni mama yangu. Ungeniuliza tu, Fundi. Swali moja."

Mama akasogeza barakoa pembeni.

"Ndiye aliyenifuta?"

"Ndiye, Mama."

"Na ndiye aliyenirudisha?"

"Tulikurudisha wawili."

"Basi mwanangu… unachotaka kumwahidi, usiniahidi mimi. Kesho siijui." Akavuta hewa. "Mwambie yeye. Kwa sauti."

Fundi akapiga magoti sakafuni, kwenye harufu ya dawa, akaupata mkono wa Mwalimu. Haukumshika, lakini haukuondoka.

"Mwalimu, sitagusa tena kilicho chako, hata kwa wema, kabla sijakuuliza na wewe ukakubali. Kesho alfajiri nitakuwa mlangoni na gari, na sitamnyanyua Mama mpaka uniambie nimshike wapi. Akishashuka kwenye mashine akiwa hai, nitakuuliza kama utakubali nikuoe. Asiposhuka, nitakuuliza kama nikae au niondoke. Lolote utakalojibu, nitalitii."