Nohemí na Miaka Tisa Aliyoificha

"Unacheza na Amparo? Yule wa duka la dawa?"

"Nisikilize kwanza, mpenzi," Libardo alimbembeleza kwenye simu. "Shindano la salsa kesho ni la wenye miaka sitini kwenda juu, wote wawili. Na vitambulisho vinakaguliwa. Mimi nina sitini na tatu, wewe hamsini na saba. Ningefanyaje?"

Nohemí alikuwa na sitini na sita kamili! Miaka miwili walikuwa wapenzi, wakicheza pamoja kila Jumapili mchana pale ukumbini, jijini Cali, na kila wiki ya tatu alijifungia bafuni na rangi ya nywele ili siri isitoke.

Asubuhi mdogo wake, Gladys, alimkuta analia.

"Si umwambie ukweli?"

"Ataniacha! Mvi zake watu wanaziita heshima. Zangu wataziita uzee."

"Haya, baki na rangi yako. Amparo abaki na mwanaume."

Mchana ujumbe wa Libardo ukaingia: "Njoo utushangilie, mpenzi. Amparo kaja na gauni jekundu, kumbe anajua kuzungusha!"

Weee! Nohemí alivaa viatu vya kuchezea na kudaka teksi.

Ukumbini, Amparo alishamshika Libardo begani. Nohemí akapenya hadi meza ya waandikishaji, akabamiza kitambulisho.

"Niandike! Anayecheza na Libardo ni mimi."

Mwandikishaji akakodoa macho. "Mama, sitini na sita? Wewe?"

"Soma kwa sauti, na yule mwenye gauni jekundu asikie!"

Watu wote wakageuka. Libardo akaja, uso umembadilika.

"Miaka miwili unanidanganya, Nohemí?"

"Nilikudanganya. Niliogopa kukukosa. Kama hunitaki sema hapa hapa, nikalie kwangu."

"Unajua kwa nini sijakuposa?" Libardo aliuliza. "Kila nikitaka, najiambia huyu bado mbichi, nitazeeka nimgeuze muuguzi wangu. Nimejinyima wewe kwa miaka ambayo hata haipo!"

Nohemí akashika mdomo. Kumbe ndoa aliyoililia alikuwa akiizuia mwenyewe, kwa mikono yake.

"Basi nipose sasa," alisema. "Sitini na saba inakuja."

Libardo akamtazama. Halafu kicheko kikamtoka, machozi yakifuata.

"Shikamoo, mpenzi."

"Marahaba. Haya, piga goti!"

Akapiga goti. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, hata Amparo akapiga makofi, ingawa kwa kununa kidogo. Muziki ukaanza na Libardo akamvuta kifuani.

"Na hizi kope?" akamnong'oneza.

"Za bandia. Uliza jingine, leo sina siri."

"Tunafunga ndoa lini?"

"Jumamosi hii hii," Nohemí alisema, na safari hii yeye ndiye aliyemzungusha mwanaume.