Maneno Sita ya Kasimiri

Kila siku Anjelina alitoka shuleni saa nane mchana, mikono ikimuuma kwa jembe la shamba la shule. Nyumbani kwao Temeke alipanga foleni bombani, akabandika maharage, ndipo akakaa na kaka yake, Kasimiri.

Ilikuwa mwaka 1974. Kasimiri alikuwa mchongaji hodari mpaka alipougua akili, akawa anasikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Dawa zilizinyamazisha, lakini kumbukumbu yake ilibaki dhaifu. Kwa hiyo Sista Demetria, muuguzi wa kliniki, aliagiza mazoezi: Anjelina amsomee maneno sita, wangoje kidogo, Kasimiri ayarudie, kisha idadi aliyokumbuka iandikwe daftarini.

Kasimiri alikumbuka moja, au hata moja asikumbuke. Alisinzia, kichwa kikimwangukia kifuani. Anjelina naye alichoka. Wiki ya tatu akaacha kumsomea, akawa anaandika tu: tano, sita, sita.

Sista alipoliona daftari alifurahi, akamruhusu Kasimiri arudi kwenye karakana ya ushirika. Siku ya kwanza tu msimamizi, Mzee Fakihi, alimweleza kazi mara tatu, naye akaisahau mara tatu. Wenzake wakacheka. Kasimiri alirudi nyumbani akalala akitazama ukuta, akamwambia mama yao kwamba hatashika tena patasi.

Anjelina aliyasikia maneno hayo. Kesho yake alikwenda kliniki peke yake.

"Shikamoo, Sista. Zile namba nilizitunga mwenyewe. Nilichoka."

Sista aliitikia. Hakumgombeza. Aliuliza Kasimiri humeza dawa saa ngapi. Kumbe alimeza saa saba, na mazoezi yalikuwa saa kumi, usingizi umekwisha kumwelemea.

Daktari akakubali dawa imezwe jioni. Mazoezi yakawa asubuhi, mafupi, mama akishika zamu na Anjelina. Badala ya maneno ya kitabuni, walitumia ya kazi aliyoipenda: patasi, tezo, msasa, mpingo. Baada ya miezi miwili Kasimiri alikumbuka manne kati ya sita. Mzee Fakihi akampokea tena kwa nusu siku, akimpa agizo moja moja.

Siku Anjelina alipompelekea namba hizo za kweli, Sista alilifunga daftari taratibu.

"Mwanangu, kuchoka si kosa. Ukichoka, sema, tusaidiane. Lakini ukiniandikia uongo, mimi namtibu mtu ambaye hayupo, na kaka yako anabaki peke yake na ugonjwa wake."