Ufunguo wa Pili

Walimtoa Mzee Tochi ndani ya bomba kwa kumvuta miguu. Taa yake ya kichwani ilikuwa bado inawaka, ingawa jua lilikwisha chomoza na mwanga wa taa ulibaki kama wa kibiriti.

Alikuwa mkaguzi mkuu wa ubora kwenye mradi ule wa kituo cha kusukumia mafuta. Hakuna kiungo cha bomba kilichofukiwa kabla hajakipitisha. Mafundi walimwogopa kuliko mvua, na utani wao ulikuwa kwamba siku ya kuzikwa atainuka kukagua pembe za kaburi. Asubuhi hiyo hakuna aliyeukumbuka utani huo kwa sauti.

Daktari wa polisi alivua glovu.

"Hana jeraha wala alama za kukabwa. Amekosa hewa. Amekufa tangu jana jioni."

"Na hamkumtafuta?" Inspekta alimgeukia mhandisi wa mradi. Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, asiye na subira na watu wa maneno mengi.

"Mara nyingi hulala hapa kambini, Afande. Tulidhani yuko chumbani kwake." Mhandisi alielekeza kidole kwenye mtungi uliounganishwa na bomba kwa mpira. "Ni gesi ile. Tunaijaza ndani wakati wa kuchomea ili kiungo kisiungue. Haina harufu, haina rangi. Inaifukuza hewa, na aliye ndani anasinzia tu."

"Kwa hiyo mtu akitaka kuingia?"

"Anafunga koki ya gesi, anaitia kufuli lake mwenyewe, anatembea na ufunguo. Kila mtu ana kufuli lake, lina jina lake. Likiwa limening'inia pale, hakuna anayethubutu kuifungua koki. Mzee amesahau; koki tumeikuta wazi. Ufunguo anao mfukoni, lakini kufuli tumelikuta kwenye sanduku lake la vifaa. Ni uzee, Afande. Ni ajali."

"Ufunguo wa akiba?"

"Hakuna. Tunaukata vipande mbele ya mwenyewe siku ya kwanza. Yeye alisema wake umepotea."

Inspekta aliomba sanduku. Vifaa vilipangwa kama sahani kabatini. Kufuli jekundu lilikuwa juu, limepanguswa vizuri, limefungwa. Akapitisha kitambaa cheupe kwenye kona ya ndani ya upinde wake. Kitambaa kikatoka na grisi ya bluu.

Akapangusa koki. Bluu ileile.

"Nani hupaka grisi hapa?"

"Mimi," alijibu mtunza stoo. "Tulikuwa tunatumia nyeusi, ikaisha. Hii ya bluu nimeipaka jana alasiri, mara ya kwanza."

Inspekta alisimama polepole. Mzee hakusahau. Alilitundika kufuli lake jana, baada ya koki kupakwa grisi. Mtu mwingine ndiye aliyelitoa, akafungua gesi, kisha akalirudisha kufuli sandukuni kwa mwenyewe. Mgeni angelitupa porini. Huyu alikuwa mtu wa kazi hii, aliyefundishwa kwamba kufuli la mwenzako haliachwi ovyo, na mazoea yalimshinda hata saa ile.

"Jana Mzee alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Na mkwe wake," mhandisi alisema bila kupenda. "Cheche, fundi wetu wa kuchomea. Mzee alikikataa kiungo chake. Lakini wale ni kama baba na mwana, Afande. Halafu Mzee akaja kwangu, akaniomba ruhusa ya kuchukua mwanafunzi wa ukaguzi. Nilimuuliza ni nani. Akasema atamwambia mwenyewe kwanza."

*

Nyumba ya Cheche ilijaa waombolezaji. Binti wa marehemu alikuwa amekaa sakafuni, macho yamevimba. Cheche mwenyewe alikuwa akiwapa wageni maji. Alimimina, na maji yakapita kando ya bilauri, yakaenea mezani. Shangazi mmoja akampokea jagi taratibu.

"Pumzika, mwanangu. Msiba umekuelemea."

 Inspekta alimtazama Cheche akipapasa kiti kabla ya kukikalia, akaenda kuketi karibu na binti.

"Pole sana, mama. Baba yako alikuwa msahaulifu?"

"Baba?" Binti karibu acheke, kisha akalia. "Baba akifunga jiko la gesi, analala, anaamka, anarudi kuligusa. Angesahau jina langu kwanza."

"Ufunguo wake wa pili wa kufuli ulipotea lini?"

"Haukupotea. Aliwadanganya kazini. Siku ya harusi yetu alimpa mume wangu mbele yangu. Akamwambia, 'Binti yangu nimekupa. Na pumzi yangu hii hapa, nitunzie. Nikikwama ndani siku moja, uwe wewe wa kunifungulia.'" Alijifuta pua kwa ncha ya kanga. "Tulicheka sana, Afande."

Inspekta aliinamisha kichwa. Katika kazi yake alikwisha kusikia mengi, ila hili lilimchoma. Binti wa watu alikuwa amemtia mumewe pingu kwa mkono wake, na hakujua.

"Wiki hii alinunua taa mpya ya kichwani," binti aliendelea, kwa kuwa kumzungumzia baba kulimpa nafuu. "Iko chumbani. Alisema ni ya mume wangu, nisimwambie mpaka wazungumze wao wenyewe."

*

Kituoni, Cheche alikaa mbele ya meza ya Inspekta. Koplo alisimama mlangoni.

"Una haki ya kunyamaza."

"Najua."

"Nipe ufunguo aliokupa mkweo."

 Cheche akauvua shingoni, akauweka mezani. Kwenye meno ya ufunguo kulikuwa na ukungu wa bluu.

"Macho yameanza lini kukusumbua?"

Cheche alishtuka kuliko alivyoshtushwa na ufunguo.

"Nani amekwambia?"

"Bilauri."

Mabega yalimshuka. "Tangu masika. Katikati naona ukungu tu. Kazi naifanya kwa mazoea, mkono unajua njia. Lakini viungo vilianza kuharibika, na yule mzee hata vumbi halimpiti. Jana akaniambia, 'Kuanzia kesho hushiki tena mashine ya kuchomea.'"

"Na wewe?"

"Nikamtukana. Nikamwambia anataka kunifanya ombaomba mbele ya binti yake. Akasema, 'Hasira hasara, mwanangu. Ngoja nikague kiungo hiki, nikitoka tuzungumze.' Akafunga koki, akatundika kufuli, akaingia." Cheche alipapasa ukingo wa meza. "Sikutaka tuzungumze. Mtu mwenye mke, asiyeona, nini cha kuzungumza? Wenzangu walikuwa wameshaondoka. Nikafungua."

"Alijua?"

"Ana kawaida ya kugonga bomba kwa ndani, na aliye nje anamjibu kwa kugonga. Maana yake, mimi niko salama, na wewe upo. Aligonga. Sikumjibu. Akagonga tena." Akakilaza kiganja juu ya meza. "Mkono wangu ulikuwa juu ya bomba, Afande. Nilikuwa nausikia mgongo wa chuma ukitetemeka. Mpaka ukaacha."

Koplo aligeuza uso ukutani.

Inspekta alikuwa na hiari ya kunyamaza, na alitamani kunyamaza. Lakini ukweli haukuwa mali yake.

"Alikwisha kukuombea kazi kwa mhandisi. Alitaka uwe mwanafunzi wake. Ukaguzi wa kiungo kwa vidole na vipimo angekufundisha, na taa ya kichwani alikwisha kukununulia. Ndilo alilotaka mzungumze."



Mlango ukagongwa. Alikuwa mkewe, na kijisanduku cha taa mkononi. Alidhani mumewe ameitwa kusaidia upelelezi.

"Samahani, Afande. Nimemletea hii. Baba alitaka aipate, na sasa nani mwingine wa kumpa..."

Akauona ufunguo mezani. Akaitazama ile grisi ya bluu kwenye meno ya ufunguo, akamtazama Inspekta, kisha mumewe. Mchuma janga hula na wa kwao, na huyu hakuwa amechuma chochote.

"Alikupa pumzi yake," alisema.

 Aliiweka taa mezani taratibu, asitoe sauti, akarudi nyuma hatua moja. Machozi yalimtiririka naye hakuyafuta.

Cheche aliinyoosha mikono, akapapasa meza, akaikosa taa. Inspekta akaisogeza mpaka ikagusa vidole vyake. Akaishika kwa mikono miwili.

"Ameshaondoka?" aliuliza.

Mkewe alikuwa bado amesimama mbele yake.