Kiu Ndani ya Bomba

Maji ya bafuni yalianza kukatika kila alasiri, saa ambayo majirani wote wa mtaa ule wa Same walikuwa na maji tele. Zaituni, ambaye watu waliendelea kumwita Mama Safia ingawa Safia alikuwa ameshazikwa, alidhani ubovu uko kwenye kile kifaa cha shaba kando ya mita, kinachopunguza presha ya maji yanayoshuka milimani yasije yakapasua mabomba. Akamwita Elibariki, fundi bomba.

Elibariki alifunga geji ya kupimia presha, kisha akakifungua kifaa. Chujio halikuwa na mchanga. Mpira wa ndani mzima, springi nzima. Hata hivyo akaweka kipya, na presha ikapanda vizuri.

Alasiri ilipofika, koki zote zikiwa zimefungwa, mshale wa geji ukaanza kushuka.

"Kuna mahali panavuja, mama," alisema, akazunguka nyumba nzima. Ardhi ilikuwa kavu. Akainama, akaweka sikio kwenye bomba. Alipoinuka, uso ulikuwa umemshuka.

"Kuna nini?"

"Usipaze sauti, mama," alinong'ona. "Humu kuna mtu anameza."

Zaituni naye akainama. Gu, gu, gu, kisha pumzi ndefu, kama ya mtoto aliyemaliza kikombe bila kupumzika, na kwenye maungio ya bomba ikatoka harufu ya spiriti ya wodini iliyochanganyika na udongo mbichi, ikamwingia puani hadi kooni, na kabla hajajivuta nyuma ikaja sauti aliyokuwa akiitamani tangu siku ya msiba, nyembamba, yenye kukwaruza, ikisema polepole kutoka ndani ya chuma: "Mama, maji. Kidogo tu."

Ndivyo Safia alivyoomba hospitalini, midomo imemkauka, akisubiri kupasuliwa tumbo, na wauguzi walikuwa wamekataza asipewe kitu. Zaituni alimwambia avumilie, akitoka atakunywa. Hakutoka akiwa hai.

"Hii si kazi ya spana," Elibariki alisema akikusanya vifaa vyake. "Tafuteni shehe."

Zaituni hakumtafuta. Kila alasiri alikaa uani, akafungua koki, akaongea na bomba. Yeye mwenyewe akaacha kunywa. Mumewe Ibrahimu alipomkuta midomo imepasuka, akamsihi anywe hata funda moja, alijibu, "Ashibe yeye kwanza." Ibrahimu akaenda kumwita Shehe Jabiri.

"Huyo si mwanao, binti yangu," shehe alimwambia kwa upole. "Safia yuko kwa Mola wake. Hili ni jini, limeivaa kiu ya mtoto. Likimaliza maji ya bomba, litakunywa ya mwilini mwako. Mimi nitasoma, lakini wewe ndiye uliyelikaribisha. Wewe ndiye wa kulinyima."

Akaanza kisomo, na mabomba yakatikisika ukutani, ya jikoni, ya bafuni, ya uani, yakalia kwa pamoja kama kifua kinachotafuta hewa, harufu ya wodini ikajaa hadi Ibrahimu akaziba pua kwa kanzu, na katikati ya kelele zile sauti ile ndogo ikauliza, bila hasira hata kidogo, "Mama, nivumilie mpaka lini?"

Zaituni alishika koki kwa mikono miwili.

"Hapa huna maji," alisema. "Toka."

Akaifunga.

Mabomba yakanyamaza. Mshale wa geji ukapanda, ukatulia. Ibrahimu alimletea maji kwenye glasi, akamshikia mpaka akayamaliza, machozi yakimtiririka.

"Nimemnyima tena," Zaituni alisema.

"Hakuwa yeye, binti yangu," shehe alimjibu.

"Najua, shehe. Lakini sauti ilikuwa yake."