Mwanafunzi wa Kwenye Chupa

Islande alisema nusu ya sentensi, na mtu mwingine akaimalizia.

Alikuwa uani, akitembea kutoka kwenye tangi la maji hadi ukutani na kurudi, akikariri somo la historia kwa sauti. Hapa Jacmel ndivyo tunavyosoma. Mitihani ya Julai ikikaribia, kila ua una mtoto anayezunguka akijisemea, na mgeni angedhani mji mzima umeingiwa na wazimu. Lakini siku ile Islande alikuwa peke yake, mchana kweupe, na ile sauti ilitoka ndani ya sikio lake.

"Mama," alinong'ona alipoingia jikoni. "Kuna mtu ananisomea."

Mama yake, Solange, hakugeuka. "Anasoma vizuri?"

"Mama!"

"Nakuuliza, anakosea?"

Hakuwa akikosea. Hapo Islande akaelewa kuwa ni mama yake aliyemleta. Mwaka uliopita alifeli mtihani wa Filo, ule wa kumaliza shule, na tangu hapo usingizi ulimkimbia, chakula kilimkwama kooni, na alichosoma asubuhi kilipotea kabla ya jioni. Daktari alisema apumzike. Solange akasema kupumzika ni kwa waliofaulu, akaenda kwa mganga. Alirudi na chupa aliyoinunua, iliyofungwa kitambaa chekundu, ndani yake roho ya mwanafunzi aliyekufa kabla ya mtihani wake, akaisukuma chini ya kitanda cha binti yake. Wako watu hapa wanaofanya hivyo, na Jumapili kanisani wanakaa viti vya mbele.

Sharti lilikuwa moja: binti asionje chumvi, maana chumvi humwamsha maiti akakumbuka kwao.

Basi Islande akala uji wa mahindi usio na ladha, na yule wa kwenye chupa akasoma. Alisoma Islande akioga, alisoma Islande akisukwa nywele, akirudia tarehe zilezile na kanuni zilezile bila kuvuta pumzi, kwa kuwa maiti hana pumzi ya kuvuta, na kila binti alipofumba macho ili apumzike kidogo midomo yake iliendelea kucheza, na chumba kikajaa harufu ya chaki na udongo mbichi hata majirani wakaanza kuuliza nani anachimba.

"Mtoe, mama, nakuomba," Islande alisema, kwa sauti ya chini kana kwamba kuna anayewasikiliza. "Nikilala, yeye anaendelea. Nikiamka, sijui aliyeamka ni nani."

"Vumilia mwanangu. Ukimaliza tu mtihani, namtoa."

"Na mimi nitakuwa nimebaki?"

"Acha maneno ya ajabu! Kunywa uji."

Mtihani ukafanyika. Siku majina yaliposomwa redioni, la Islande lilikuwemo, na Solange alipiga kelele za furaha mpaka mbwa wa mtaa wakabweka. Alimkimbilia bintiye uani. Binti alikuwa anatembea kutoka tangini hadi ukutani, akikariri.

"Islande! Umefaulu! Basi, imetosha!"

Hakugeuka. Solange alimwita tena, akamshika mabega, akamtikisa, na lile jina likawa kama la mtu wa mtaa mwingine. Ndipo hofu ikamshika kweli. Akapika maharage, akatia chumvi kwa kiganja, akamlisha mwenyewe. Aamke huyo mfu, aende zake.

Binti akameza. Kukariri kukakoma. Kimya kile kilikuwa kitamu hata Solange akaanza kulia.

"Asante kwa chakula, Bi Solange," binti alisema kwa adabu. "Naenda. Nyumbani watakuwa wananitafuta."

Akatoka. Solange alimfuata akimwita, akimvuta gauni, akapita naye sokoni mbele ya watu wote, hadi kwenye nyumba asiyoijua yenye mlango wa buluu. Mwanamke aliyevaa nguo nyeusi za msiba akafungua.

"Mama," binti alisema. "Nimefaulu."

Yule mwanamke aliutazama uso asioujua. Lakini sauti aliijua. Akamvuta ndani, akafunga mlango.

Solange aligonga mpaka vidole vikatoka damu. Alisikia sahani zikipangwa mezani, na koo la bintiye mwenyewe likisema, "Usifungue, mama. Ndiye yule aliyeninunua."