Aliyepanda Keria ya Perrine

Mimi nauza dawa katika duka la dawa la Saint-Lubrac, kijiji chetu cha huku Berry, katikati ya Ufaransa. Naitwa Ghislaine. Kila Alhamisi nikitoka kazini humpelekea shangazi Yvonne vidonge vyake vya presha, kilomita kumi na moja kwa baiskeli, na mdogo wangu Perrine hunisindikiza. Alhamisi ile ya mwisho wa Oktoba tuliondoka kwa shangazi jua likiwa linazama. Mimi nilibeba jibini mbili za mbuzi mgongoni. Perrine alikuwa anaimba vibaya, kwa makusudi, ili anikere.

Barabara kuu hatuipiti. Ina malori. Tunapita kinjia cha lami cha nyuma ya mashamba, chembamba, nyasi zimeota katikati. Wakati wa kiangazi hufurika wageni wenye ramani na kofia za rangi, wanakisifu kwa utulivu wake, kwamba mtu anaendesha saa nzima hajapishana na gari. Ikifika Oktoba wote wamesharudi kwao.

"Kanyaga, dada!" Perrine akanipigia kelele. "Hata konokono amekupita!"

"Konokono hakusimama dukani kwa muda wa saa nane."

"Huo ni uzee. Usisingizie kazi."

Alikuwa na miaka ishirini na sita, na mapaja yake hayakujua mlima. Nilimfuata nikihema.

Penye njia panda, chini ya msalaba wa mawe, palikuwa na bibi kizee.

Koti jeusi, kitambaa kichwani, hana mfuko wala fimbo. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na njia yote ilikuwa tope, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu. Huku kwetu humpiti mtu bila kumsalimu, kwa hiyo tukapunguza mwendo.

"Jioni njema, bibi," nikasema.

Hakuniangalia. Alikuwa anatazama keria ya baiskeli ya Perrine.

"Miguu yangu imechoka," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Perrine ni mtu ambaye mzaha humtoka kabla hajafikiri. Akaipigapiga keria kwa kiganja.

"Basi panda, bibi! Nitakufikisha hadi mlangoni kwetu, na supu utakunywa!"

Nilicheka. Bibi hakucheka.

"Umesema mwenyewe," akanong'ona.

Tukakanyaga, tukaenda zetu. Baada ya hatua kama thelathini nikageuka kumpungia mkono.

Hapakuwa na mtu.

Mashamba pande zote yalikuwa yamelimwa, bapa kama meza. Hata sungura asingepata pa kujificha.

"Perrine... yule bibi kaenda wapi?"

Ndipo niliposikia sauti nyuma ya Perrine. Kwiii... kwiii... Ni keria, inalia kama inavyolia ikibebeshwa gunia.

Na haikuwa na kitu.

"Dada," akasema taratibu, "hebu tazama tairi langu la nyuma. Nadhani limepata pancha."

Nikasogea ubavuni mwake, nikainama nikaliminya kwa vidole huku tukienda polepole. Lilikuwa gumu kama jiwe, limejaa upepo. Lakini pale lilipogusa lami lilikuwa limebonyea hadi karibu na rimu. Tena palikuwa na harufu. Sufu iliyoloa. Mshumaa uliozimwa sasa hivi.

"Shuka," nikamwambia. "Shuka tusukume kwa miguu."

"Siwezi."

"Huwezi vipi?"

"Mikono haiachii. Miguu haisimami, dada. Si mimi ninayeikanyagisha."

Nikatupa baiskeli yangu mtaroni. Nikamkamata kiunoni, nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa kama kuvuta mti. Nikashika usukani, nikaburuzwa. Nikapeleka mkono nyuma yake, juu ya keria, pale penye hewa tupu...

Vidole vyangu viligusa kitambaa kilicholoa.

Niliurudisha mkono nikapiga kelele. Perrine hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka na miguu inazunguka polepole, polepole, kuelekea nyumbani.

Nyumba ya kwanza njiani ni ya mzee Chassagnat, mfugaji wa mbuzi. Nilirudi mbio kuitoa baiskeli yangu mtaroni, nikatangulia nikagonga. Alitoka na kitambaa cha kulia chakula bado shingoni. Akamtazama Perrine anavyokuja, akalitazama tairi lililobonyea, akajipiga ishara ya msalaba. Kisha akarudi ndani, akafunga mlango, na mbao za madirisha moja baada ya nyingine.

"Mzee Chassagnat! Tusaidie!"

"Nani kamwalika?" akauliza kutoka ndani.

"Ulikuwa utani tu!"

"Yeye hajui utani. Kaambiwa atafikishwa wapi?"

"Mlangoni kwetu."

"Basi asifike, Ghislaine. Akivuka kizingiti hatoki tena. Kengele ya kanisa humshusha. Ndivyo mama alivyokuwa akisema. Mimi sijui zaidi. Nenda!"

Kengele! Kengele yetu ilikuwa na miaka minne haijalia. Waliokuja kununua nyumba za likizo walilalamika inawaamsha, ikanyamazishwa, na sisi tukakubali.

Nilimkimbilia Perrine. Alikuwa ameshapita ile nyumba.

"Nakwenda kupiga kengele. Nitarudi."

"Usiniache." Alinong'ona, kama anayeogopa kusikiwa. "Dada, ananipumulia shingoni. Usiniache naye."

Nilimwacha.

Mpaka leo sijui kama ningefanya vingine. Niliichukua baiskeli yangu na kukanyaga kilomita mbili kama mwendawazimu, na nyuma yangu nikamsikia anaita jina langu hadi nilipofika mahali ambapo sikumsikia tena.

Ufunguo wa kanisa anao Mama Tessonneau, wa nyumba ya jirani na kanisa. Nilimkuta anakula.

"Wewe mtoto, umechanganyikiwa? Nani kafa?"

"Bado. Nipe ufunguo!"

Kamba ya kengele ilikuwa imeoza nusu. Niliing'ang'ania nikavuta. Kengele ilikoroma, ikakataa. Nikavuta tena, viganja vikachubuka. Ilipolia, vumbi la miaka minne lilinimwagikia kichwani, nikaendelea kuvuta bila kuhesabu, bila kujua kama kule nje inamsaidia mtu au la. Mama Tessonneau alisimama mlangoni na leso mdomoni.

Nilipotoka, giza lilikuwa linaingia. Nilimkuta hatua chache kutoka lango letu. Baiskeli imeanguka, rimu ya nyuma imepinda. Perrine amekaa kwenye nyasi, mikono mapajani, anapumua.

"Kashuka?" nikauliza.

"Kashuka."

Nikamshukuru Mungu. Nikainama nimnyanyue, nikakaza mgongo kama mtu anayenyanyua mtu mzima aliyechoka.

Nusura nimrushe juu ya bega langu.

Alikuwa mwepesi. Mwepesi kama koti lisilo na mtu ndani.

Kesho yake nilirudi kwa mzee Chassagnat. Safari hii alifungua mlango, ila hakunikaribisha ndani. Nilimweleza. Alisikiliza akiwa anatazama mbuzi wake.

"Kengele humshusha," akasema mwishowe. "Mama hakusema kwamba hushuka mikono mitupu."

"Kachukua nini?"

"Mwanangu, ningejua ningekuficha?"

Kiangazi Perrine alikuwa na kilo hamsini na nane. Niliporudi dukani nilimpandisha kwenye mizani yetu: arobaini na tatu. Wiki iliyofuata, arobaini. Na hajakonda. Suruali zake zinamtosha vilevile, mashavu yale yale, anakula mkate kuliko mimi. Daktari wa mjini alisema mizani yetu ni mbovu. Akampima kwa yake. Akaenda kuleta nyingine. Kisha akatuandikia barua ya kwenda kwa daktari mwingine.

Baiskeli hagusi. Hataki kutoka siku za upepo. Akishuka ngazi, mbao hazilii tena, kwa hiyo hunitokea nyuma ghafla jikoni, nami najilazimisha nisishtuke.

Mwezi huu amefika kilo kumi na tisa.

Juzi usiku aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Dada, nikifika sifuri nitakuwa wapi?"

Nilimwambia alale.

Jana nilikuwa nafua nguo. Koti lake lilinilemea mikononi, nikaingiza mkono mfukoni. Mawe. Mifuko yote miwili, mawe ya njiani, amechagua ya duara. Kumbe ameyaokota mwenyewe, bila kuniambia. Vitambaa vya ndani vilikuwa vimeanza kuchanika kwa uzito.

Nililikausha koti, nikakaa karibu na jiko na sindano, nikaishona mifuko kwa uzi mnene, mara mbili. Kisha nikayarudisha mawe yote ndani.