Udhu wa Lukman Pangoni

Rafiki yangu Lukman, mfanyabiashara wa mtaa wa Walukuba, alikwenda kutembea katika msitu wa mlimani, juu ya mji wa Mbale. Wakati wa alasiri ulipokaribia kumpita, aliingia pangoni kutawadha, akifuata mlio wa maji gizani.

"Haji, hii maji hata ng'ombe inakataa," alionya Nambozo, mwongoza wageni.

"Mimi si ng'ombe wako, dada."

Alisukutua. Maji yalikuwa vuguvugu, yenye utelezi wa makohozi, na msuko mwembamba wa nywele ukanasa ulimini, ncha yake ikishuka kooni. Hangeweza kuswali na uchafu ule kinywani, basi akauvuta kwa vidole. Ukatoka dhiraa nzima, mweupe, wenye mafuta. Alipozidi kuvuta, alihisi ncha iliyobaki kooni ikishikwa, ikivutwa polepole kurudi tumboni.